Samatta hakuuzwa butura

 Kuna mtu hanisemeshi. Mdogo wangu wa Kashozi, mtoto wa mama mdogo, amenikatia mawasiliano, hii ni wiki ya tatu. Nikipiga simu inaita mpaka inachoka. Nikimtumia ujumbe anausoma halafu kimya. Basi nimeamua maneno yangu niyamalizie humu humu, maana najua akienda kunyoa Jumamosi atalikuta gazeti kinyozini na atasoma tu, apende asipende.

Kisa chenyewe hiki hapa.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja nilipanda Hiace kutoka Bukoba mjini kwenda Kashozi. Kwa nyie mlioko Dar na Mwanza msiopajua, Kashozi ni kaskazini mwa mji, huko juu kwenye migomba, penye parokia ya tangu 1892. Nisiwadanganye, sikwenda kwa upendo mtupu. Ulikuwa msimu wa senene, na mama mdogo akishika kikaango hakuna mgahawa mjini unaomfikia. Nilifika na njaa yangu nikijua leo ni leo. Nikakuta kikao.

Wasomaji, ukikuta wazee wa Kihaya wamekaa sebuleni saa nane mchana na hakuna anayecheka, jua kuna mgonjwa, kuna posa, au kuna kibanja kinataka kuuzwa. Safari hii ilikuwa kibanja.

Kwa Mhaya kibanja si kiwanja. Ni migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee, vyote pamoja. Babu yetu amelala pale, hatua kama ishirini kutoka jikoni. Mtu anayeuza kibanja kwetu huwa haagi, anaondoka usiku. Kwa hiyo niliposikia baba mdogo anataka kukata kipande cha upande wa barabarani, senene walinikwama kooni.

Sababu? Mpira.

Huyu mdogo wangu, tumwite Dogo, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Anacheza winga ya kushoto na mpira anaujua. Sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Nimemwona kwenye uwanja wa shule, ule wenye mteremko, akimzungusha beki mwenye ndevu mpaka yule beki akakaa chini akasingizia msuli. Watoto pale wanamwita Samatta. Na yeye akiitwa hivyo anaitika.

Sasa kuna bwana mmoja alijitokeza mjini. Tumwite Ajenti. Suti ya michezo, miwani juu ya kichwa, simu imejaa picha amepiga na wachezaji. Alimwona Dogo kwenye bonanza moja, akampigia baba mdogo siku hiyo hiyo. Kwamba kuna klabu Ulaya inamtaka kijana kwa majaribio. Ulaya wapi? Finland! Huko kwenye barafu. Nadhani aliichagua makusudi. Angesema Uingereza, kila mtu Kashozi ana mjuzi wa kumuuliza. Finland nani anaijua?

Bei ya ndoto hiyo ni shilingi milioni tatu na laki sita. Tiketi, viza, "ada ya usajili" na kitu alichokiita "bima ya kipaji". Laki mbili za fomu zilikuwa zimeshatolewa, mbuzi wawili wakawa wamekwenda na maji. Zilizobaki zinatakiwa kabla ya tarehe 15 Desemba. Mpango wa baba mdogo ulikuwa huu: kahawa aiuze butura, pengo lililobaki likazibwe na kile kipande cha kibanja.

Butura ni ugonjwa wetu wa Kagera. Mkulima ana shida, kahawa bado changa mtini. Anakuja mfanyabiashara na fedha mkononi, anainunua pale pale mtini kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mwenye shamba anavuna na kuanika, halafu anamkabidhi mwenye fedha magunia yake. Wakubwa wanapiga marufuku kila mwaka, na kila mwaka watu wanauza. Shida haisomi tangazo.

"Wewe ni mwandishi," mama mdogo akaniambia, "unajua mambo ya nje. Tushauri, mwanangu."

Mimi! Nje yangu mimi mwisho Mutukula, na hapo nilivuka mpaka kununua viatu. Lakini kuna kitu kimoja nakijua, nacho ni mpira. Nikaomba maji, nikakaa sawa, nikawauliza, "Samatta mnamjua?"

Baba mdogo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nani asiyemjua?

"Haya. Alipokuwa na miaka 16 kama Dogo, alikuwa wapi?"

Kimya. Dogo akabahatisha: "Ubelgiji?"

Thubutu! Mbwana Samatta amezaliwa Desemba 1992. Akiwa na miaka 16 alikuwa Dar es Salaam, na African Lyon, timu iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market kabla haijabadilishwa jina. Anakula vumbi kama vijana wengine. Mwaka 2010 akaenda Simba. Hapo bado ni Dar ile ile, daladala zile zile.

Mwaka 2011 Simba wakapangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Hao Mazembe walikuwa moto wa kuotea mbali. Walitwaa Afrika 2009, wakarudia 2010, na Desemba ile ya 2010 wakacheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter Milan. Walikuja wakaifunga Simba, lakini kuna kijana walimwona. Mwaka huo huo wakamchukua. Sasa sikilizeni vizuri, nikawaambia wazee: aliyeweka fedha mezani ni Mazembe, aliyezipokea ni Simba. Klabu na klabu. Kwenye mpira anayelipa ni mnunuzi, kijana wa kununuliwa halipi.

Baba mdogo akajikuna kidevu. Nikajua moja imeingia.

Na angalieni alikokwenda. Vijana wengi wa umri wake walikuwa wanaota kupaa moja kwa moja mpaka London. Yeye akaenda Kongo. Wapo waliomcheka. Lakini Lubumbashi Kiswahili kinaongewa sokoni na barabarani, kwa hiyo alitoka nje ya nchi bila kutoka nje ya lugha. Akacheza kwenye timu inayosaka ubingwa wa Afrika kila mwaka, tena akiwa na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu. Alikaa miaka karibu mitano. Mitano, Dogo! Mwaka 2015 Mazembe wakatwaa Ligi ya Mabingwa kwa kuwafunga USM Alger ya Algeria kwao na nyumbani, Samatta akifunga mechi zote mbili za fainali na kumaliza miongoni mwa vinara kwa mabao saba. Januari 2016 akapanda jukwaani Abuja kuchukua tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Afrika Mashariki hakuna aliyeishika kabla yake.

Mwezi huo huo ndipo Ulaya ikafunguka. Genk ya Ubelgiji. Ana miaka 23. Kahawa imeiva, imeanikwa, imekauka. Bei anataja mwenye mali.

Hapo mama mdogo alikuwa ameacha kupepeta mchele. Dogo ameangalia chini, lakini masikio yako kwangu.

Genk nako hakufika akawa mfalme siku ya pili. Alikaa miaka minne. Agosti 2018 akawapiga Brøndby ya Denmark mabao matatu mechi moja. Msimu wa 2018/19 Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, yeye ana mabao 23 ya ligi, akavishwa na Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora wa asili ya Afrika kwenye ligi ile. Septemba 2019 akafunga kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Salzburg, Mtanzania wa kwanza. Novemba 5 mwaka huo akaifunga Liverpool pale pale Anfield, kwa kichwa, mpira wa kona. Usiku ule nilikuwa kibanda umiza hapa Bukoba. Mzee mmoja shabiki wa Liverpool wa kufa mtu alisimama akashangilia dhidi ya timu yake mwenyewe, halafu akakaa akiona aibu.

Januari 20, 2020 Aston Villa wakatangaza wamemsajili. Na hapo, wasomaji, kuna jambo dogo watu hulisahau. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, yenye wanasheria na fedha zake, ilimtangaza huku ikisubiri kibali cha kazi na hati ya uhamisho wa kimataifa. Yaani bingwa wa Afrika na bingwa wa Ubelgiji karatasi zake zilisubiriwa. Leo mtu akuambie Kashozi kwamba karatasi za kijana wa kidato cha tatu zitamalizwa kwa laki mbili za fomu? Acha hizo!

Februari mosi akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi, kule Bournemouth. Machi mosi akafunga Wembley, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City, kwa kichwa cha kuruka kama kipa. Villa walilala 2-1, lakini Bongo nzima tulilala tumeshinda.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo, kwa hiyo nikaendelea. Baada ya Wembley ukaja ukame. Korona ikasimamisha ligi, iliporudi mabao hayakurudi nayo. Mechi 14 za ligi, bao moja. Septemba 2020 akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Hapa kwetu wale wale waliokuwa wanamwita mfalme wakaanza kumwita garasa. Akaenda Antwerp, akarudi Genk kwa mkopo mwaka 2022. Hebu fikiri, unarudi ulikoondokea kwa vifijo, kila mtu anajua ulikwama wapi. Lakini hakuvunja goti wala hakujificha. Mwaka 2023 akatua PAOK ya Ugiriki, 2024 wakawa mabingwa wa ligi. Mwaka 2025 akasaini Le Havre ya Ufaransa, umri umeshavuka 32. Huyo ndiye nahodha aliyekwenda na Taifa Stars Misri 2019, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika tulilokuwa hatujaligusa tangu 1980.

"Sasa," nikasema, "na Finland yenyewe tuizungumze, maana Ajenti anadhani hatuijui."

Kuna Mfini mmoja anaitwa Teemu Pukki. Fowadi, amezaliwa 1990. Wafini ni watu milioni tano na nusu hivi, mapenzi yao ni mchezo wa magongo kwenye barafu, mpira wa miguu kwao uliteseka sana. Huyu Pukki alifanya kile kile anachokitaka Dogo. Akiwa kijana wa miaka 18, mwaka 2008, akapelekwa Sevilla ya Hispania. Klabu kubwa, jua kali, kila kitu. Unajua alicheza mechi ngapi za ligi kuu kule? Moja! Miaka miwili akiwa na timu ya akiba, halafu 2010 akarudi kwao Finland, klabu ya HJK ya Helsinki. Nadhani kuna wajomba walimcheka na huko pia.

Agosti 2011 HJK wakapangwa na Schalke ya Ujerumani kwenye mashindano ya Ulaya. Pukki akawapiga mawili nyumbani, kule ugenini akaongeza jingine. HJK walitolewa kwa kipigo, lakini kabla mwezi haujaisha Schalke walikuwa wameshamnunua. Mnaona? Mwaka ule ule wa 2011, mmoja Dar es Salaam, mwingine Helsinki, hawajuani, wote wamenunuliwa na timu iliyowafunga. Hawakuhitaji picha za kupiga na mastaa. Walicheza tu mechi ambayo mwenye macho alikuwepo.

Naye Pukki hakunyooka moja kwa moja. Celtic ya Scotland alichemsha. Akaenda Brøndby, hao hao aliokuja kuwatesa Samatta, na mwaka 2018 akahamia Norwich ya Uingereza. Msimu wa kwanza mabao 29, timu ikapanda Ligi Kuu. Agosti 2019 akawapiga Newcastle matatu. Na mabao yake kumi ndiyo yaliyoisukuma Finland kwenye fainali za Ulaya kwa mara ya kwanza, zile zilizochezwa 2021. Mwaka huo huo akavunja rekodi ya mabao ya taifa ya Jari Litmanen, yule aliyetwaa Ulaya na Ajax mwaka 1995. Mwisho wa yote, 2025, karudi HJK kwao. Mtu mzima, jina kubwa, amerudi nyumbani kwa miguu yake.

Mimi hapo nikajiona nimemaliza hotuba. Dogo akainua kichwa, akanipiga swali moja tu lililonichoma. "Kaka, Samatta alizaliwa Dar. Simba iko Dar. Mimi niko Kashozi. Nani atakuja kuniona huku?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba nililipata baadaye. Kweli Dar kuna macho mengi. Sisi Kagera tuna Kaitaba yetu pale mjini, yenye nyasi bandia, na wazee wakikaa wanatusimulia RTC Kagera. Lakini kijana wa kijijini inambidi apige hatua moja zaidi ya mwenzake wa Mbagala, na hatua hiyo haina nauli. Ajenti anaishi ndani ya pengo hilo. Angejua kuna njia ya wazi, asingekuwa na kazi.

Najua hivyo kwa sababu na mimi niliwahi kuliwa. Sijawahi kuliandika hili. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakiwa yale ambayo mama hakuyaonyesha kwa majirani, kuna mtu aliniambia timu moja ya Mwanza inatafuta kipa. Elfu themanini, za kuuza baiskeli ya marehemu baba. Nikapanda meli na glovu zangu kwenye mfuko wa rambo. Nilipofika uwanjani niliwakuta watu wanacheza bao, hakuna aliyewahi kusikia habari ya majaribio. Nililala siku mbili stendi. Nyumbani nikasema nimeumia kidole. Mpaka leo mama anakiulizia kidole changu. Sasa mama, ukisoma hapa, kidole kizima.

Niliwasimulia hilo pale sebuleni, Dogo akanitazama kwa jicho la huruma, lile ambalo kaka mkubwa halitaki. Nikasema yaishe. "Tumpigie Ajenti. Weka sauti ya juu. Nina maswali manne tu."

Swali la kwanza, klabu gani? "Klabu kubwa, jina litakuja kwenye barua ya mwaliko."

La pili, leseni yako ya uwakala ya FIFA namba ngapi? Maana wakala halali ana leseni, na chake anakipata kama sehemu ya mshahara mchezaji akishasaini, si kwenye fomu za mbuzi. "Mdogo wangu, mimi nafanya na FIFA moja kwa moja." Haya.

La tatu, majaribio lini? "Januari, ligi ikiwa imechanganya." Wasomaji, ligi kuu ya Finland huanza mwezi wa nne na kuisha kipupwe kikiingia. Januari viwanja vya nje viko chini ya theluji! Labda Dogo angechanganya barafu.

La nne ndilo lililommaliza. Sheria ya FIFA inazuia mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Vipo visamaha vichache, kama wazazi wamehama kwa sababu zao zisizohusu mpira, au wanaoishi jirani kabisa na mpaka, au vijana wa Ulaya wenyewe kwa wenyewe kuanzia miaka 16. Kijana wa Kashozi kwenda Finland hamo. Nikamuuliza, huyu ana miaka 16, utampitisha wapi?

Ajenti akacheka. "Umri si tatizo, tutaurekebisha. Cheti cha kuzaliwa ni karatasi tu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kubishana, lakini mama mdogo alinitangulia. Mama huyu hajui Pukki ni mtu au ni chakula. Akaichukua simu, taratibu kabisa. "Waitu, baba, huyu mtoto nimemzaa usiku wa mvua, nimembatiza hapo parokiani, jina lake liko kwenye kitabu cha kanisa na tarehe yake. Utakirekebisha na kitabu cha kanisa?"

Upande wa pili simu ikakatwa. Tulipopiga tena ilikuwa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Laki mbili zimekwenda.

Ungedhani hapo watu wangepiga makofi. Hapana. Baba mdogo alitoka nje akasimama kwenye kahawa muda mrefu, mgongo ametupa sisi. Dogo aliniambia neno moja, "Umeniua," akaingia chumbani. Nilirudi mjini na Hiace ya jioni, senene nimefungiwa kwenye jani la mgomba, sijui hata waliliwa na nani.

Tangu siku ile najiuliza. Je, kama mimi ndiye niliyekosea? Kama katika mia mmoja yuko Ajenti wa kweli na mimi nimemfukuza? Nimelipindua usiku na mchana, na narudi pale pale. Wa kweli angetaja klabu. Wa kweli angemwacha Dogo amalize kidato cha nne, afikishe miaka 18, kwa sababu angejua kabla ya hapo hana anachoweza kumfanyia huko Finland. Na wa kweli asingetaka tuuze kaburi la babu.

Kwa wazazi na vijana mnaosoma, yangu ni machache. Sajilini watoto kwenye klabu inayotambulika, wapate usajili wao halali, hata kama ni klabu ndogo isiyo na jezi za maana. Siku mchezaji akiuzwa nchi nyingine kwa fedha akiwa ndani ya mkataba, FIFA inataka asilimia tano ya fedha hiyo igawiwe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa hiyo hata ile klabu ya mtaani ina sababu ya kumtunza. Ukiambiwa ulipe ili ukajaribiwe, kimbia. Ukiambiwa umri unarekebishwa, kimbia mara mbili. Na shule msiiache. Samatta mwenyewe alipokwama Villa alikuwa na mkataba ulioandikwa vizuri. Mkataba unasomwa, jamani, haupigwi chenga.

Sasa wewe Dogo, najua uko kwenye kiti cha kinyozi na umefika hapa. Kahawa ya baba yako bado iko mtini. Niliuliza juzi, kile kipande cha barabarani hakijauzwa. Hizo laki mbili nitazilipa mimi, mbuzi mmoja mmoja, kadri gazeti hili litakavyonilipa, yaani polepole sana. Januari unaingia kidato cha nne. Kuna mwalimu mmoja wa michezo hapa mjini nimemweleza habari zako, hakuahidi kitu, amesema tu uje siku ya mazoezi na viatu vyako. Hataki fomu wala ada. Nauli ya Hiace nitakupa.

Uliniuliza nani atakuja kukuona Kashozi. Sijui, mdogo wangu. Ila Mazembe walikwenda Dar kwa ajili ya Simba, siyo kwa ajili ya Samatta, wakamkuta anacheza. Na wewe cheza. Usikubali kuuzwa ungali ua.

Na ukimaliza kunyoa, nipigie bwana. Vocha nimekutumia.